Kufundisha yoga si kufanya yoga

Walimu wenzangu hapa Moshi huniuliza muda wa mazoezi yangu naupata wapi, wakati nina darasa asubuhi na jingine jioni. Kwanza kabisa, muda wa darasa siuhesabu.

Mwalimu anayeonyesha mkao anakatisha pumzi ili aongee. Anapinda upande mmoja, kila siku ule ule, anaachia katikati kwenda kumweka mwanafunzi bega sawa, kisha anarudia mwili ukiwa umeshapoa. Endelea hivyo mwaka mzima uone kama kiuno hakitakudai. Ndiyo maana nafundisha kwa maneno zaidi. Nikilazimika kuonyesha, naonyesha kulia na kushoto, na mikao mizito siigusi.

Yoga ninayofanya ni ashtanga, aliyoifundisha K. Pattabhi Jois kule Mysore, India. Msururu wake wa kwanza wa mikao unakula kama saa moja na nusu, na desturi ni siku sita kwa wiki. Mwenye watoto wa kuandaa shule na daladala ya kuwahi hapati muda huo kwa mkupuo, kwa hiyo naugawa. Alfajiri nafanya salamu za jua (kuinama na kuinuka kwa mfululizo ili mwili upate moto), mikao ya kusimama, na mwishoni nalala chali. Hapo kwenye kulala sipunguzi hata nikichelewa, maana ndipo mwili unapotulia kabla ya kwenda kuhudumia miili ya wengine. Mikao ya kukaa naisogeza mchana, darasa likiisha. Januari joto la Moshi linanisaidia. Julai, kukiwa na baridi na wingu, narudia salamu za jua kwanza, la sivyo nyuma ya mapaja kunagoma. Msururu mzima nausubiri Jumapili.

Faida ya kujifanyia mazoezi kwanza naiona zaidi ninapofundisha wapagazi wa Mlima Kilimanjaro. Anakuja kijana ametoka mlimani, ameteremka na mzigo wa kilo 20, ananiambia, “Mwalimu, magoti yamekataa.” Kuteremka kunaumiza misuli ya mbele ya paja, kwa sababu inashikilia uzito huku ikivutika. Mwili wangu ukiwa umeshashughulikiwa alfajiri, sina haraka ya kujinyoosha kupitia darasa lake. Namlaza, miguu ukutani, nakaa pembeni nasikiliza pumzi yake. Ikiwa bado fupi, siku hiyo hatukunji goti lolote.