Je, wajua kwa nini Wasabato hutawadhana miguu kabla ya Meza ya Bwana?

Kama umewahi kupita karibu na kanisa la Wasabato siku ya Meza ya Bwana, ambayo kwa kawaida huwa mara moja kila robo mwaka, lazima umeona watu wanatoka na mabeseni, taulo begani, wanaume upande wao na wanawake upande wao, halafu mtu mzima na suti yake anachuchumaa anamwosha mwenzake miguu. Majirani zetu wengi huwa wanauliza ile ni nini. Sisi tunaiita huduma ya unyenyekevu, na mkate na divai haviguswi kabla yake.

Chanzo ni Yohana 13. Usiku wa mwisho kabla hajasulubiwa, Yesu aliondoka mezani, akajifunga kitambaa, akatia maji kwenye bakuli, akaanza kuwatawadha wanafunzi. Sasa hapo ndipo pa kuelewa vizuri, enzi zile watu walitembea na makubazi kwenye vumbi, ukifika kwa mtu unaletewa maji ya miguu, na kazi ya kukuosha ilikuwa ya mtumwa. Abigaili alipotaka kujishusha kabisa mbele ya wajumbe wa Daudi alisema yuko tayari kuwa mjakazi wa kuwaosha miguu watumishi wa bwana wake (1 Samweli 25:41), yaani chini ya hapo hakuna pengine pa kushuka. Na Luka anasema usiku uleule wanafunzi walikuwa wanabishana nani mkubwa kati yao! Hakuna aliyeinuka kushika bakuli, akainuka Bwana wao. Na Yuda naye alikuwepo, alitoka baadaye.

Wakatoliki nao wanafanya Alhamisi Kuu, padri anaosha waumini kadhaa, na tangu 2016 Papa Fransisko aliruhusu rasmi wanawake wawemo. Huyohuyo Aprili 2019 alipiga magoti kule Vatican, mzee wa miaka 82, akabusu miguu ya Salva Kiir na Riek Machar, viongozi mahasimu wa Sudan Kusini, akiwaomba wadumu kwenye amani. Mimi ile picha iliniliza.

Ila watu wanadhani ugumu uko kwenye kuosha. Hapana jamani, kuosha ni rahisi, ugumu ni kuoshwa. Ndio maana Petro aligoma, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe", akajibiwa kwamba asipotawadhwa hana shirika naye. Ukimwosha mtu bado unaweza kujiona wewe ndio mwema, lakini ukikaa kwenye benchi umevua soksi, kisigino kina nyufa, na aliyeshika mguu wako ni mtu uliyemsema vibaya juzi, hapo huna pa kujificha. Na kwa sababu unachagua mwenyewe wa kumwosha, tunafundishwa kumtafuta yule mliyekosana naye kwanza, kama Mathayo 5 inavyosema uache sadaka madhabahuni ukapatane na ndugu yako.

Kanisani kwetu kulikuwa na wazee wawili waliogombana kwa sababu ya mpaka wa shamba, miaka mitatu hawapeani mkono, wanakaa mistari tofauti. Sabato moja mmoja wao akachukua beseni akavuka uwanja mzima mpaka alipokaa mwenzake, akachuchumaa, hakusema kitu. Yule mwingine alikaa muda mrefu hajavua kiatu, sisi wote tumenyamaza. Mwishowe akainama akafungua kamba. Maji yalipoisha wakabadilishana, na huyu wa pili mikono ilikuwa inamtetemeka mpaka maji yanamwagika kwenye nyasi, wakaombeana palepale.

Wiki iliyofuata walienda shambani wenyewe, bila mjumbe wala mwenyekiti, wakaupima ule mpaka kwa hatua na kuchomeka miche ya minyaa upya.