Kiuno, mgongo na nguvu za kudumu: maswali ninayoulizwa Mbeya

Nafanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Wanaoniuliza haya ni wakulima wa viazi kutoka Uporoto, akina mama wanaoleta ndizi kutoka Tukuyu, wapakiaji wa magunia Mwanjelwa, vijana wa bodaboda na watumishi wa ofisini. Kuna jibu moja nimelirudia makusudi. Naomba msilichoke.

Mimi nalima kila siku. Bado nahitaji mazoezi?

Ndiyo. Kulima kunakupa pumzi na uvumilivu, lakini ni mwendo uleule mmoja: umeinama, mkono wa jembe ni uleule, saa baada ya saa. Mazoezi ninayoyasema yanaujenga mwili kwa mienendo yote ya maisha: kuchuchumaa na kuinuka, kuinama kwa kukunja nyonga, kubeba ukitembea, kusukuma, kuvuta, kusimama kwa mguu mmoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Aliyefikisha miaka 65 aongeze mazoezi ya mizani ya mwili, yaani kusimama na kutembea bila kuyumba, siku 3 au zaidi. Mkulima dakika anazo tele. Anachokosa ni nguvu za mapaja na makalio, na mizani. Ndiyo maana mzee aliyelima maisha yake yote anashindwa kuinuka chooni bila kushika ukuta.

Mkao sahihi ni upi?

Hakuna mkao mmoja unaofaa kutwa nzima. Unaoumiza ni ule usioubadilisha. Mchuma chai wa Mufindi, dereva wa boda na karani wa ofisini wote wana tatizo moja, wamekaa namna moja muda mrefu mno. Kila nusu saa simama, jinyooshe, tembea hatua chache. Shambani, ukimaliza tuta, simama wima, weka mikono kiunoni, jivute nyuma taratibu mara tano ndipo uanze tuta jingine.

Ukiinua mzigo, usogelee kwanza, panua miguu, kunja magoti na nyonga, ubane kifuani, kisha geuka kwa miguu, si kwa kuzungusha kiuno. Ila nisidanganye watu: gunia la lumbesa la viazi linapita kilo 100, na hakuna mkao utakaolifanya salama kwa mgongo wa mtu mmoja. Ligawanyeni au libebwe na watu wawili. Nasikitika kuona vijana wa miaka ishirini na kitu wakishindana nani abebe peke yake, wenzao wakishangilia.

Sina hela ya jimu. Naanzia wapi?

Nyumbani kwako kuna kila kitu. Chukua kigoda au kiti kisichoyumba. Kaa, inuka bila kutumia mikono, mara 8 hadi 10. Pumzika, rudia mizunguko mitatu. Ukiona rahisi, tafuta kigoda kifupi zaidi. Halafu jaza ndoo lita 10, hizo ni kilo 10, ishike mkono mmoja na utembee uani bila kuinamia upande, kisha badili mkono. Hapo misuli ya ubavuni na tumboni inafanya kazi yake halisi, kuulinda uti wa mgongo. Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyanyua makalio, hesabu tano, shusha. Sukuma ukuta kwa mikono miwili, ukizoea, sukuma meza nzito, baadaye sakafu. Unapopiga mswaki, simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kisha badilisha.

Siku tatu kwa wiki zinatosha. Ongeza kidogo kidogo. Wengi wanaanza Jumatatu kwa fujo, Jumatano hawawezi kutembea, Ijumaa wameacha. Mabadiliko ya kueleweka yanataka miezi miwili mitatu, na nguvu zikishapatikana zinataka kutunzwa miaka yote. Mwenye miaka 60 au 70 bado anajenga misuli, tena yeye ndiye anayeihitaji zaidi. Maumivu ya misuli ya siku moja au mbili ni ya kawaida. Maumivu makali yanayoshuka mguuni si ya kawaida, hapo simama.

Kiuno kikikamata nilale mpaka kipone?

Hapana. Pumzika siku moja au mbili kama huwezi kabisa, kisha anza kutembea, hata ndani ya uzio. Maumivu mengi ya kiuno yanapungua sana ndani ya wiki sita, na anayetembea hupona vizuri kuliko anayelala. Ukilala wiki nzima misuli inanyong'onyea, ukiinuka unaumia upya.

Kiuno kinauma, mguu una ganzi na unakosa nguvu. Nikakandwe kwanza?

Hapana. Usikandwe, usichuliwe, usivutwe, na usimruhusu mtu yeyote akukanyage mgongoni. Nenda hospitali.

Tena nieleze vizuri. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski, vipande laini kama mito. Diski ikitoka mahali pake inaweza kubana mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni, kwenye kibofu na sehemu za siri. Zikitokea dalili hizi ni dharura ya siku hiyohiyo: ganzi sehemu unayokalia tandiko la baiskeli, mkojo kugoma kutoka au kujitokea wenyewe, kushindwa kuzuia choo, miguu yote miwili kulegea, au mguu mmoja unaozidi kukosa nguvu. Mishipa ikibanwa hivyo, upasuaji unatakiwa haraka iwezekanavyo, hesabu ni ya saa, si ya wiki. Ukichelewa, mkojo na miguu vinaweza visirudi tena maisha yote.

Ninaowapokea wamechelewa karibu wote wamepitia njia ileile. Wameambiwa ni ngiri, wakanywa dawa ya mizizi. Wameambiwa ni tego, wakapelekwa kwa mtaalamu wa kienyeji. Wameambiwa ni baridi ya Julai, wakachuliwa mafuta. Mimi nabaki kufundisha mtu wa miaka 35 kutembea na magongo.

Lakini jirani alikandwa akapona.

Jirani alikuwa na maumivu ya kawaida ya misuli, ambayo yangeisha hata asingeguswa. Sifa akapewa mkandaji. Kukandwa kwa upole pale panapouma misuli hakuna shida kubwa. Mwenye ganzi na mkojo uliogoma si mgonjwa wa aina hiyo. Huyo hakandwi. Narudia, hakandwi.

Diklofenaki, dawa ya maumivu, inanisaidia. Niendelee kununua duka la dawa?

Si kwa kujiandikia mwenyewe mwezi baada ya mwezi. Inachubua tumbo mpaka vidonda na kutoka damu, inaumiza figo, inapandisha presha. Na inaficha maumivu huku ukiendelea kubeba.

Maumivu yangu hayaishi, nakonda na usiku natoka jasho.

Hilo si la mazoezi. Maumivu yanayokuamsha usiku, homa za jioni, kupungua uzito au kinundu kilichojitokeza katikati ya mgongo vinahitaji vipimo, ikiwemo kifua kikuu cha uti wa mgongo. Matibabu ya kifua kikuu Tanzania ni bure. Usikae nacho nyumbani.

Shikamoo. Kaka yetu yuko Mbarali, amepata ganzi tangu Jumapili na mkojo unatoka kwa shida. Tunasubiri kuuza mpunga tumlete mjini.

Marahaba. Msisubiri mpunga, mpelekeni leo. Kopeni nauli, ombeni gari la jirani. Kama mmeshamwita mkandaji, mrudisheni njiani. Mlazeni kwenye godoro nyuma ya gari, asikae kwenye bodaboda barabara ya mashimo. Anzeni hospitali iliyo karibu, na wakisema hawana uwezo, ombeni rufaa siku hiyohiyo.

Mkifika mapokezi msiseme tu "kiuno kinamuuma", mtapewa vidonge na kurudishwa. Semeni hivi: "Ana ganzi sehemu za siri, mkojo hautoki vizuri tangu Jumapili, na miguu inakosa nguvu." Tajeni siku ilipoanza. Akijibiwa arudi wiki ijayo, msiondoke. Ombeni kumwona daktari mwingine zamu hiyohiyo.