Kabla ya MRI, Ulizeni Habari za Nyaya

"Pesimeka hii inaruhusu MRI?" Swali hili, kuhusu kifaa kinachouamsha moyo kwa umeme na kipimo cha picha kinachotumia sumaku kali, halitoshi. Kinachoruhusiwa ni mfumo mzima: kopo lenye betri lililo chini ya ngozi ya kifua pamoja na nyaya zinazoshuka hadi moyoni. Kopo na waya vya kampuni mbili tofauti, hata kama kila kimoja kimethibitishwa kivyake, vikiunganishwa uthibitisho huo haufanyi kazi tena.

Mimi huanza na nyaya. Mashine ya MRI hutoa mawimbi ya redio, na waya mrefu ndani ya mwili huyanasa kama antena. Joto hukusanyika kwenye ncha, pale inapogusa msuli wa moyo. Msuli ukiungua, hata kidogo, umeme uliokuwa ukitosha kuuamsha moyo huenda usitoshe tena. Kwa hiyo waya ulioachwa ndani baada ya kopo kutolewa, waya uliokatika, au ule ulioshonwa juu ya moyo kwa nje hunipa wasiwasi kuliko kopo lenyewe. Kadi ya mgonjwa mara nyingi haiutaji. Eksirei ya kifua huufichua, kwa hiyo iombeni.

Kuna pia sehemu za sumaku zinazowashwa na kuzimwa kwa kasi wakati wa kupiga picha. Hizo huzalisha kelele ya umeme ambayo pesimeka huweza kuidhania kuwa mapigo ya moyo, ikanyamaza. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake haudundi bila kusaidiwa, ukimya wa sekunde chache ni kuzimia. Difibrileta, kifaa cha ndani kinachoushtua moyo ukipiga vibaya, nayo huweza kuisoma kelele hiyohiyo kama mapigo ya hatari na kuanza kujiandaa kutoa mshtuko. Mvuto wa sumaku wenyewe, unaoogopwa na wengi, ni tatizo dogo kwa vifaa vya kisasa, kwa kuwa vina chuma kidogo.

Siku ya kipimo, kifaa kikaguliwe kwanza. Nyaya ziwe zimetimiza angalau wiki 6 tangu ziwekwe, na betri isiwe imefikia kiwango cha kubadilishwa. Mifumo mingi hutaka kizingiti cha kuamsha moyo, yaani umeme mdogo kabisa unaotosha kuuamsha, kisizidi volti 2.0 kwa milisekunde 0.4. Kisha pesimeka ya anayeitegemea iwekwe kwenye mpangilio wa VOO au DOO, yaani ipige bila kusikiliza. Mwenye mapigo yake ya kutosha haihitaji hivyo, kwa sababu mapigo ya kifaa yanaweza kugongana na yake. Mishtuko ya difibrileta izimwe.

Tangu dakika hiyo mgonjwa hana kinga. Awepo mtu anayejua kutumia difibrileta ya nje, na mashine hiyo ikae nje ya chumba cha sumaku. Moyo ukisimama, mtoeni mgonjwa kwanza. Msiiingize mashine ndani. Msitegemee ECG, mchoro wa umeme wa moyo, peke yake pia: damu inayotembea ndani ya sumaku huzalisha umeme wake na kuupotosha mchoro. Wimbi la kipima oksijeni cha kidoleni husomeka vizuri zaidi.

Vifaa vya zamani visikataliwe kwa mazoea. Utafiti wa MagnaSafe, uliochapishwa 2017, ulifuatilia vipimo 1,500 vya MRI yenye nguvu ya sumaku ya tesla 1.5, visivyo vya kifua, kwa wagonjwa wenye vifaa visivyoidhinishwa kwa MRI. Hakuna aliyefariki wakati wa kipimo. Difibrileta moja ililazimu kubadilishwa, nayo haikuwa imepangwa kama utaratibu ulivyotaka kabla ya kipimo. Mgonjwa anayekatazwa MRI ya uti wa mgongo uliobanwa naye yuko hatarini.

Picha zikiisha, pimeni upya kizingiti, ukinzani wa nyaya na betri, mlinganishe na namba za ukaguzi wa kabla ya kipimo. Mishtuko irudishwe kabla mgonjwa hajavaa nguo zake, na aliyeirudisha aandike saa na jina lake kwenye fomu.