Je, wajua kwa nini maua ya mazulia ya kale ya Poltava yamepinda?

Utazame mkeka wa ukindu kwa karibu: nakshi zake ni pembe na ngazi. Mazulia ya kilimu, yale yasiyo na manyoya, nayo kwa kawaida yako hivyo, kwa sababu nyuzi za wima na za mlalo zikipishana, pembe huja zenyewe. Sasa inakuwaje mazulia ya kale ya Poltava, katikati ya Ukraine, yawe na mashina yanayojinyonga na maua ya mviringo kama yaliyochorwa kwa brashi?

Siri iko kwenye kitanda cha mfumi, yaani fremu ya kufumia. Kwa Wahutsul wa milima ya Karpati kitanda hulazwa, na mshindio, yaani nyuzi za mlalo, hushindiliwa wote kwa pamoja, ukingo hadi ukingo, hivyo mistari hunyooka. Poltava kitanda kilisimamishwa, mtande, yaani nyuzi za wima, ukavutwa kutoka juu hadi chini, na mfumi akaketi mbele yake. Alijaza petali moja kwanza, akipitisha sufu kwa vidole na kuigonga kwa kitana kizito. Kisha alileta uzi wa rangi ya mandhari ya nyuma ya ua, ukapanda na kushuka kufuata mgongo wa petali ile. Sogeza jicho utaona nyuzi zimeinama kulizunguka ua kama maji yanavyozunguka jiwe. Kwangu mimi, uzuri wote uko hapo.

Mtindo huu ulistawi katika karne ya 17 na ya 18, wakati maofisa wa Kikosaki, jeshi la wapiganaji wa Ukraine, walipokuwa na mashamba makubwa na kupenda mapambo ya baroko, yaani ya fahari na yenye mikunjo mingi, yaliyotoka Ulaya, pamoja na vitambaa vya Uturuki na Uajemi. Hata jina lenyewe la zulia kwa Kiukraine, kylym, lina asili ya Mashariki. Mazulia yalitundikwa ukutani, yakatandikwa kwenye mabenchi, masanduku na hata sleji, yale magari ya kuteleza juu ya theluji, na binti akiolewa alikwenda nayo.

Rangi zilitoka kwenye magome, majani na maganda. Nyekundu ilitoka pia kwa mdudu mdogo anayeishi kwenye mizizi, aliyekusanywa mwanzoni mwa kiangazi. Ndiyo maana mwezi wa Juni kwa Kiukraine huitwa cherven, neno la ukoo mmoja na chervonyi, yaani nyekundu. Mwishoni mwa karne ya 19 rangi za kiwandani zikaingia, kali na za bei nafuu, na ule upole wa rangi za zamani ukaanza kutoweka.

Katika mji wa Reshetylivka, mkoani Poltava, wafumi bado wanafuma maua haya kwa mkono. Na ukipata bahati ya kushika zulia la kale, ligeuze. Ua ni lilelile pande zote mbili, ila upande uliokuwa umeelekea ukutani, jua halikuufikia: huko nyuma bluu bado ni bluu.