Mierezi ya Lebanon: yanayosemwa na ukweli wake

Mierezi ni jina la utani la timu ya taifa ya Lebanon ya raga ya ligi, kutokana na mti wa mwerezi ulio kwenye bendera ya nchi hiyo. Haya ndiyo husemwa juu yao, na majibu yake.

"Si ni raga ileile tu?"

Aliyezoea Safari Sevens, mashindano ya raga ya wachezaji saba pale Nairobi, ataona tofauti mapema. Mwaka 1895 klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga, ugomvi ukiwa fidia kwa wachezaji vibarua waliokosa ujira siku za mechi. Huko ndiko ilikotoka raga ya ligi: wachezaji 13, trai (kuugusisha mpira chini kwenye eneo la mwisho la wapinzani) pointi 4 badala ya 5, na timu ikiangushwa mara sita na mpira mkononi, zamu inahamia kwa wapinzani.

"Hawa ni Waaustralia waliovalishwa jezi ya mwerezi."

Hii husemwa kila Kombe la Dunia, na husemwa kwa uvivu. Timu ilianzia Sydney kweli, mwishoni mwa miaka ya 1990, na wachezaji wengi wamezaliwa huko. Lakini kanuni zinamruhusu mtu kuchezea nchi ya mzazi wake, hata ya babu au bibi yake. Halafu tazama mitaa yenyewe ya Sydney: Punchbowl na Lakemba, ambako mikate ya zaatari (kiungo cha majani na ufuta) huuzwa asubuhi na Kiarabu ni lugha ya dukani. Klabu ya mitaa hiyo ni Canterbury-Bankstown Bulldogs. Hazem El Masri alizaliwa Tripoli ya Lebanon, akahamia Australia utotoni, akaichezea Bulldogs. Alipostaafu mwaka 2009 alikuwa na pointi 2,418, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa ligi kuu ya huko hadi wakati huo. Ukimwita huyu Mlebanoni wa kuazima, sijui wa kweli utamtafuta wapi.

"Wote walikimbia vita."

Vita vya 1975 hadi 1990 viliwaleta wengi. Wa kwanza, hata hivyo, walifika Australia tangu karne ya 19.

"Kwao hakuna anayecheza."

Wapo. Mashindano ya ndani yalianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, vyuo vikuu vikiwa mstari wa mbele. Ni madogo, na kiwango chake kiko mbali mno na cha Sydney; hilo halifichiki.

"Vibonde."

Kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2000 New Zealand iliwachapa 64-0, sawa. Ila mashindano hayohayo walifungwa na Wales 24-22 tu, wakatoka sare ya 22-22 na Visiwa vya Cook. Kwenye Kombe la Dunia la 2017 nahodha alikuwa Robbie Farah, aliyekwisha kuichezea Australia. Wakaifunga Ufaransa 29-18, wakafika robo fainali na kutolewa na Tonga, tena 24-22. Pointi mbili, yaani mkwaju mmoja. Mwaka 2022 wakaipiga Ireland 32-14 na Jamaika 74-12 kabla ya Australia kuwazima 48-4 kwenye robo fainali. Kocha wao safari hiyo, Michael Cheika, mtoto wa wahamiaji wa Kilebanoni, wakati huohuo alikuwa akiinoa Argentina katika raga ya wachezaji 15.