Picha Pekee Haiamui Hatima ya Mtoto Mwenye Saratani ya Neva
Wapo wanaoamini kwamba picha ya hospitali ikishaonyesha saratani ya mtoto imesambaa, hakuna tiba tena. Kwa nyuroblastoma, saratani ya seli changa za neva ambayo mara nyingi huanzia kwenye tezi iliyo juu ya figo, jambo haliko hivyo. Vipimo vya picha vya ultrasaundi, CT na MRI huonyesha uvimbe ulipo na ukubwa wake, na kipimo cha MIBG, kinachotumia dawa yenye mionzi kidogo inayonaswa na seli za saratani hii, huonyesha ulikosambaa. Lakini matarajio ya kupona hutegemea pia umri, majibu ya kipande kidogo cha uvimbe kilichopimwa maabara, na hali ya jeni iitwayo MYCN ndani ya seli za saratani. Wapo watoto wa chini ya miezi 18 ambao ugonjwa umefika kwenye ini au ngozi, na bado uvimbe hunywea wenyewe chini ya uangalizi wa daktari, jambo linalostaajabisha kweli. Kwa wakubwa zaidi, kusambaa ni jambo zito linalohitaji matibabu makali, ila si sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani. Mzazi aombe majibu ya picha kwa maandishi, kisha amwulize daktari mtoto yuko kundi gani la hatari na kwa vipimo gani.