Kwa nini miguu hugoma kabla nguvu hazijaisha?

Jumapili ya tarehe 26 Machi 2017, kibanda kimoja cha mpira hapa Busia kiliacha ligi za Ulaya kikaweka riadha, jambo ambalo sijaliona tena. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalikuwa Kololo, Kampala. Viti vilijaa, watu wakakalia makreti ya soda, na Wakenya kadhaa walikuwa wamevuka mpaka makusudi waje kutuchokoza. Mapema siku hiyo Jacob Kiplimo wetu alikuwa ameshinda mbio za vijana wa chini ya miaka 20. Ilipofika zamu ya wakubwa, Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, kijana wa miaka 20, alichomoka akamwacha bingwa mtetezi, Geoffrey Kamworor wa Kenya, kwa sekunde zipatazo 12. Mzunguko wa mwisho ukaanza, kibanda kizima kimesimama juu ya makreti. Kisha miguu ikagoma.

Alianza kuyumba kama mtu anayetoka kilabuni usiku. Kamworor akampita, akapita mwingine, likapita kundi. Alimaliza wa 30. Wakenya wenyewe walinyamaza kidogo kabla ya kushangilia. Mzee mmoja nyuma yangu alisema tu, “Mbio za sakafuni,” wala hakuimalizia methali. Nani asiyejua zinaishia wapi?

Joto la siku ile na kasi aliyoanza nayo vingetosha kumwangusha yeyote, kwa hiyo mtu asidhani nataka kusema yalikuwa mambo ya kichwani tu. Lakini angalia yaliyofuata. Agosti mwaka huohuo alikuwa London akimfukuza Mo Farah hadi mstari wa mwisho wa mita 10,000, akapata medali ya fedha. Mwaka 2019 huko Aarhus, Denmark, alishinda mbio zilezile za nyika zilizomwaibisha nyumbani. Kiplimo wa pili, Kamworor wa tatu. Kwa hiyo swali nililotoka nalo kibandani linabaki palepale: mwanariadha anapoishiwa, ni kitu gani hasa kinachokwisha?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa la fundi wa magari: ama mafuta yamekwisha, ama injini imechemka. Mwingereza A. V. Hill, aliyepata tuzo ya Nobel ya mwaka 1922, alikuwa miongoni mwa walioeleza kwamba misuli ikikosa oksijeni ya kutosha hujaa asidi na kushindwa kazi. Kuna ukweli humo. Mwili una mipaka halisi, na anayekimbia kwenye jua kali bila maji, au akiwa na malaria, hawezi kujisemesha maneno matamu akapona.

Ila ile hadithi ya injini ina tundu. Mwaka 2010, Samuele Marcora na Walter Staiano, waliokuwa Wales, waliwapandisha wachezaji 10 wa raga kwenye baiskeli za mazoezi na kuwaambia wakanyage kwa nguvu ya wati 242 mpaka washindwe kabisa. Baada ya dakika kama kumi, wote walikuwa wameshindwa. Hapohapo, bila kupumzika, wakaambiwa wakanyage kwa nguvu zote kwa sekunde tano tu. Walitoa wastani wa wati 731. Mara tatu! Misuli iliyodai haiwezi 242 ikatoa 731 sekunde chache baadaye.

Kama mafuta yalikuwa yamekwisha, hayo mengine yalitoka wapi?

Marcora anaeleza kwamba tunachokiita kuishiwa ni uamuzi. Mimi napenda kuufananisha na soko. Kila hatua ya mkimbiaji ina bei, na bei hiyo ni ile hali ya kujihisi unajikaza. Ubongo unakaa kama mnunuzi mgumu: unauliza bei, unauliza safari imebaki kiasi gani, unauliza faida iko wapi. Hatua moja zaidi ikionekana ghali kuliko faida yake, mnunuzi anaondoka na miguu inasimama. Sekunde tano ni bei ya kutupa, ndiyo maana wale wachezaji wa raga waliinunua. Dakika nyingine kumi wasingezigusa.

Ukishaona hivyo, mambo mengi ya ajabu yanaanza kueleweka. Mwaka 2009 Marcora na wenzake waliwapa watu 16 kazi ya kuchosha akili kwenye kompyuta kwa dakika 90, kisha wakawapandisha baiskeli. Walidumu wastani wa sekunde 640. Siku walipokaa tu kutazama filamu za maelezo badala ya ile kazi, walidumu sekunde 754. Moyo na damu havikuonyesha tofauti ya kuelezea pengo hilo. Kilichobadilika ni kwamba watu waliochoka akili waliiona kazi ileile kuwa nzito tangu dakika ya kwanza. Yeyote aliyewahi kukaa saa mbili kwenye foleni ya Kampala, honi za teksi masikioni, halafu akajaribu kwenda jimu, hahitaji mtafiti wa kumweleza.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Birmingham, Uingereza, mwaka 2004. Waendesha baiskeli walisukutua kinywa kwa maji yenye wanga, wakayatema. Hakuna hata tone lililotakiwa kufika tumboni. Hata hivyo, kazi ya takriban saa nzima waliimaliza haraka zaidi kwa karibu asilimia 3 kuliko waliposukutua maji matupu. Kinywa kilipeleka habari kwamba chakula kinakuja, na ubongo, kama mama mwenye ghala aliyesikia lori limefika barabarani, ukalegeza mkono.

Maneno nayo yana kazi. Mwaka 2014 watafiti waliwachukua watu 24, wakawafundisha nusu yao, kwa wiki mbili, kuchagua maneno ya kujiambia wakati wa kujikaza: mengine ya mwanzo, mengine ya pale mwili unapoanza kulalamika. Waliofundishwa walidumu kwenye baiskeli kwa asilimia 18 zaidi kuliko mwanzo. Wenzao walibaki palepale. Muhimu ni kwamba kila mtu alichagua maneno yake na kuyajaribu mazoezini, hakusubiri siku ya mashindano. Neno la kuazima haliingii mguuni.

Sasa turudi Kololo, kwenye ule umati. Kelele za nyumbani ni dawa au ni sumu? Swali hili ni la zamani. Mwaka 1898 Mmarekani Norman Triplett aliona kwamba waendesha baiskeli wanaoshindana huenda kasi kuliko wanaokimbia peke yao na saa. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 1965, Robert Zajonc alitoa maelezo ambayo kwangu bado ni bora: macho ya watu huupa mwili moto, na moto huo hukuza kile kilicho tayari ndani yako. Kama kazi umeizoea mpaka imekuwa kama kupumua, umati utakupandisha. Kama bado unaijifunza, utakuvuruga. Kijana mwenye kasi nyingi ambaye bado hajakomaa katika kuigawa kasi hiyo, mbele ya umati unaoimba jina lake, anapewa moto zaidi kwenye mguu uleule uliokwisha kuzidisha. Sisemi ndivyo alivyowaza Cheptegei. Nasema uwanja ule ungemfanyia hivyo kijana yeyote.

Mnunuzi wa sokoni ana udhaifu mmoja: hapendi kutojua. Ukimficha safari iliyobaki, kwa hofu anaiona bei imepanda. Ukimwonyesha mwisho, analegea, ndiyo maana mtu aliyekuwa anakufa kilomita ya nane anatimua mbio akiuona utepe. Sasa fikiria Monaco, tarehe 14 Agosti 2020. Uwanja ulikuwa na watazamaji wachache kwa sababu ya korona, na pembeni ya njia kulikuwa na taa ndogo zinazowaka moja baada ya nyingine kwa kasi iliyopangwa ya rekodi. Cheptegei hakuwa na haja ya kukisia wala kumfukuza mtu. Alifuata taa. Alimaliza mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36, akavunja rekodi ya dunia ya Kenenisa Bekele wa Ethiopia iliyodumu miaka 16. Oktoba, huko Valencia, akachukua na ya mita 10,000 kwa 26:11.00. Wapo wanaonung'unika kwamba taa ni udanganyifu. Mimi nasema taa hazina miguu, ila zilimpunguzia kazi ya kichwa.

Tuwaache mabingwa, tuje kwetu wenye vitambi.

Mwaka 2018 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walilinganisha nchi 168 kuona ni wapi watu hawaushughulishi mwili vya kutosha. Kuwait walikuwa asilimia 67. Uganda, asilimia 5.5 tu, miongoni mwa viwango vya chini kabisa duniani. Tulijipongeza sana, ingawa kiwango hicho hakikutokana na kupenda mazoezi. Mama wa Tororo aliyeshika jembe tangu alfajiri, kijana anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya matoke, mtu anayetembea kutoka Katwe hadi Nakasero kwa kuwa nauli ni ya chakula: hawa hawajawahi kujiuliza kama wana ari. Faida iko wazi, na mnunuzi wa kichwani hana la kubishia. Balaa huanza siku mtu anapopata ofisi na pesa ya boda boda. Mwili unakuwa hauna tena sababu ya kutoka jasho, na sababu ya daktari, “utapata presha ukiwa na miaka 60,” ni faida ya mbali mno kwa bei ya saa kumi na moja alfajiri.

Watu wengi hujaribu kujinunulia ari kwa zawadi. Edward Deci, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1971 kwamba wanafunzi waliolipwa kwa kucheza mafumbo waliyoyafurahia walipoteza hamu malipo yalipokoma. Baadaye yeye na Richard Ryan walisema ari inayodumu inahitaji mambo matatu: uwe umechagua mwenyewe, ujione unaweza, na uwe miongoni mwa watu. Hili la tatu klabu zetu za kukimbia Jumapili asubuhi zimelielewa bila kusoma kitabu. Fulana za rangi moja, wimbo wa kupokezana, mpiga filimbi mbele, na huyo mnene wa nyuma ambaye peke yake angerudi nyumbani kwenye kona ya kwanza anakaza kwa sababu hataki kundi lisimame kwa ajili yake.

Na kwa anayependa kukimbia peke yake, kuna kitu rahisi mno hata aibu kukitaja. Mwaka 2002 Uingereza, watu 248 waligawanywa: wengine wakaachwa tu, wengine wakasomeshwa hatari za ugonjwa wa moyo, na wengine, baada ya somo hilo, wakaandika siku gani, saa ngapi na wapi watafanya mazoezi wiki inayofuata. Walioachwa, asilimia 38 walifanya. Waliosomeshwa tu, 35. Walioandika, 91. Mahubiri peke yake hayakusaidia kitu.

Klabu yetu hapa Busia ilijaribu njia yake. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye mapafu ya ng'ombe, alichoka na watoro akaweka faini: asiyefika saa kumi na mbili kamili analipa shilingi 2,000 za chai. Nilimwambia, “Mwalimu, kuna vituo vya kulelea watoto huko Haifa, Israeli, viliwawekea faini wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto, na wachelewaji wakaongezeka.” Akacheka, akasema Busia si Israeli. Mwezi wa pili tulikuwa tunakimbia watu tisa kati ya thelathini, na chai ilikuwa nyingi mpaka tunaongeza na chapati. Watoro walikuwa wanatuma pesa kwa simu kabla hata hakujapambazuka, na ujumbe wa heshima kabisa: “Shikamoo Mwalimu, yangu hiyo, mkimbie salama.”